Mgombea Tunamjua, Mhuri Ndio Hatuujui: Kisa cha Programu ya Simu ya Wapiga Kura katika Vijiji vya Iringa

Usuli

Kisa hiki kinahusu programu ya simu iliyotengenezwa na vijana watano mjini Iringa, Tanzania, kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024. Nilikuwa mmoja wa hao watano, na kazi yangu ilikuwa kuratibu vijiji na kuzungumza na ofisi za serikali. Majina ya vijiji, watu na vyama nimeyaondoa, na mambo madogo machache nimeyabadilisha ili mtu asitambulike kwa jirani yake. Mfuatano wa matukio nimeuacha kama ulivyokuwa.

Uchaguzi huu huchagua wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji pamoja na wajumbe wao, kwa kipindi cha miaka mitano. Husimamiwa na Ofisi ya Rais TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), si Tume ya Uchaguzi, na una orodha yake ya wapiga kura inayoandikwa kitongoji kwa kitongoji. Mgombea lazima adhaminiwe na chama, kwa kuwa sheria zetu haziruhusu mgombea binafsi. Nchi nzima kuna vijiji zaidi ya 12,000 na vitongoji zaidi ya 60,000. Majina ya wagombea hubandikwa kwenye mbao za matangazo huko huko waliko, na sisi hatukupata mahali popote ambapo mtu angeketi na kompyuta akayakuta yote.

Kiti hiki ni kidogo ukikitazama kutoka mjini, ila kijijini hakuna kiti kinachomgusa mtu kila siku kama hiki. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa jukumu la kusimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Kwenye vilima vyetu, ambako watu kutoka mijini huja kutafuta ekari za kupanda mipaini na parachichi, jukumu hilo si dogo. Sheria inataka pia mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi yanapotakiwa kusomwa. Yapo maeneo ambako mwaka unakwisha watu hawajaitwa hata mara moja.

Tulichojenga mwanzo

Tulianza mapema mwaka 2024. Wazo lilikuwa jepesi. Mwenzetu mmoja, mpangaji wa mtaa mmoja pale mjini, mwaka 2019 alifika kituoni akakuta majina asiyoyafahamu hata moja. Tukasema tutengeneze programu ambayo mtu akichagua kijiji au mtaa wake, anaona wagombea, picha zao, elimu zao, vyama vyao, na anaweza kuwaandikia. Tukaongeza kura ya maoni, mtu abonyeze anayempenda. Tukaongeza na sehemu ya mtumiaji kutaja chama chake ili apate habari zinazomhusu. Kwenye skrini ilipendeza.

Agosti tuliipeleka kwenye kijiji kimoja cha mlimani, mwendo wa saa tatu kwa basi na bodaboda. Tulikaa nje ya mashine ya kusaga, mahali ambapo kila mtu hupita. Tulisalimia kamwene, tukaitikiwa, tukatoa simu zetu. Watu waliokusanyika walikuwa wengi wao na vitochi, na wenye simu janja walikuwa wamezima data kutunza bando. Mwanzoni walidhani tumekuja kuandikisha wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, kwa kuwa tangu msimu wa 2022/23 shughuli ya namna hiyo, ya majina na namba za simu, waliijua kwa mbolea tu.

Tulimwonyesha mama mmoja ukurasa wa mfano wenye picha ya mtu wa kubuni, tukamweleza kwamba hapa atamfahamu mgombea. Akatazama kwa heshima, akaturudishia simu. Akasema, "Wanangu, hawa watakaogombea hapa nawajua. Wengine nimewabeba mgongoni. Nisilolijua ni kama akishapewa mhuri atatuuliza kabla ya kuukata msitu wetu."

Wenzake walitikisa vichwa kukubali. Mzee mmoja akaongeza kwamba hata mwenyekiti anayemaliza muda wake ni mtoto wa pale pale, anajulikana hadi babu yake, na bado hakuna anayejua fedha za eneo la mnara wa simu zinaingia wapi.

Tulirudi mjini usiku ule hatuzungumzi sana. Kauli ya yule mama ndiyo iliyobomoa nusu ya kazi yetu, nami hadi leo naiona kuwa kauli yenye maana kuliko yote niliyoisikia katika mradi ule.

Uamuzi wa kwanza: maswali badala ya wasifu

Tulibishana siku mbili. Fundi wetu wa programu alitaka wasifu ubaki, akitoa hoja kwamba mjini ni tofauti: mpangaji aliyehamia juzi hamjui mtu. Alikuwa na haki. Mwishowe tukaacha wasifu mfupi, mistari mitatu, na uzito wote tukauweka kwenye maswali matano ambayo kila mgombea wa uenyekiti angeulizwa kwa maneno yale yale:

Utaitisha mkutano mkuu kila baada ya miezi mitatu? Mapato na matumizi utayabandika wapi? Mtu akija kuomba ardhi ya kijiji, utafuata hatua gani? Michango ya shule na zahanati itakusanywa na nani, kwa risiti ipi? Mwananchi akiwa na malalamiko dhidi yako, aende wapi?

Maswali haya hatukuyatunga mezani. Tuliyachota kwenye mazungumzo ya vijiji vitatu na mitaa miwili, kisha mwanasheria aliyejitolea akayapitia kuhakikisha kila swali linagusa jambo ambalo mwenyekiti ana mamlaka nalo kweli. Swali la bei ya mahindi lilitajwa kila tulipokwenda, nasi tukaliondoa. Mwenyekiti wa kijiji hapangi bei ya mahindi, na kumuuliza ni kumfundisha kuahidi asichoweza.

Uamuzi wa pili: taarifa tusizozihitaji

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo tulipokaribia kuumiza watu.

Septemba kiongozi wa tawi la chama kimoja alitupigia simu kwa upole kabisa. Alisema amesikia kazi yetu nzuri, akaomba "orodha ya vijana wanaojisajili" katika kata yake ili awaalike kwenye mafunzo. Tulikataa. Alipokata simu, fundi alifungua kanzidata yetu ili tuone ni kitu gani hasa tungempa kama tungekubali. Kulikuwa na namba ya simu, jina la kitongoji, chama alichotaja mtumiaji, na kumbukumbu ya kila ukurasa aliofungua na saa aliyoufungua. Kwa kitongoji cha kaya sitini, hiyo ni sawa na kuandika jina la mtu na kura yake.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka itikadi za kisiasa miongoni mwa taarifa nyeti. Tulikuwa tumeisoma. Tulidhani kuandika sera ya faragha kunatosha. Simu moja ya kiungwana ilitufundisha kwamba taarifa usiyokuwa nayo ndiyo pekee usiyoweza kunyang'anywa.

Wiki ile tuliondoa sehemu ya chama, tukaondoa kura ya maoni, tukafuta kumbukumbu za kurasa, na usajili wa namba ya simu ukawa si lazima. Kura ya maoni iliondoka kwa sababu nyingine pia: mtu mmoja mwenye laini tatu angeweza kupiga mara tatu, kisha picha ya matokeo ikazunguka WhatsApp kama kwamba ni kweli. Tulipoteza kitu, sikatai. Mfadhili aliyekuwa akifikiria kutusaidia alitaka kujua watumiaji ni akina nani na wanafuata nini, na tulipomwambia hatutajua, mazungumzo yaliishia hapo.

Oktoba: daftari lipi?

Uandikishaji ulifanyika tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Tulikuwa na ukurasa mdogo wa maelezo kuhusu uandikishaji, uliowekwa kama nyongeza tu. Ukawa ndio ukurasa unaotumwa zaidi kwenye magrupu. Watu wengi waliamini kwamba kadi ya Tume waliyoipata miaka ya nyuma inatosha, kumbe orodha ya serikali za mitaa ni nyingine na kila mkazi alipaswa kwenda kuandikwa upya kwenye kitongoji au mtaa wake. Wapangaji wa mjini ndio waliokuwa hatarini kukosa. Tuliandika maneno matano makubwa, "Kadi ya Tume haitoshi, kaandikishwe", na chini yake tukaweka jinsi ya kupata kituo. Kazi hii tuliifanya chini ya taasisi iliyokuwa na kibali cha kutoa elimu ya mpiga kura, maana bila kibali mtendaji wa kata angeturudisha mlangoni, na angekuwa sahihi.

Novemba: kosa la orodha

Wagombea walipoteuliwa mwanzoni mwa Novemba, vijana wetu wa kujitolea walipiga picha za mbao za matangazo na kutuma. Tulikuwa na haraka. Siku za kampeni zilikuwa saba tu, tarehe 20 hadi 26, na kila siku iliyopita tuliiona kama hasara. Tukachapisha orodha za vijiji vinne kabla ya mapingamizi na rufaa kumalizika.

Katika kijiji kimoja mgombea aliyeenguliwa alirudishwa baada ya rufaa, na kwa muda wa siku moja na nusu programu yetu ilikuwa ikiwaambia watu kwamba hayumo. Katika kijiji kingine tulimwonyesha mtu ambaye tayari alikuwa ameondolewa. Ukizingatia jinsi suala la kuenguliwa lilivyokuwa na uchungu, tangu uchaguzi wa 2019 ambapo vyama kadhaa vya upinzani vilijitoa kwa sababu hiyo hiyo, hili halikuwa kosa la kiufundi machoni pa yeyote. Wafuasi wa yule wa kwanza walisema tumetumwa.

Tulifunga orodha zote. Kesho yake mimi na mwenzangu tulikwenda nyumbani kwa mgombea yule tukiwa na mzee mmoja wa kijiji, tukaomba radhi mbele ya familia yake. Alitusikiliza, akauliza swali moja: "Na wale walioona jana, mtawaambia nani?" Hatukuwa na jibu zuri. Tulichoweza ni kubandika karatasi ya masahihisho pale pale kwenye ubao na kutuma sauti ya masahihisho kwenye grupu la kijiji.

Kuanzia hapo kanuni ikawa hivi: hakuna jina linaloingia kabla rufaa hazijaisha, kila orodha inabeba picha ya ubao wenyewe, tarehe na saa, na mpangilio wa majina unafuata ubao, si alfabeti yetu. Mpangilio huo ulitusaidia pia alipotokea mgombea mmoja wa mtaa aliyetaka kulipia jina lake likae juu. Tulimwambia majina yanakaa kama yalivyo ubaoni, na ubao si wetu.

Wiki ya kampeni

Mvua za kwanza ziliwahi. Anayezijua Nyanda za Juu Kusini anajua maana yake: mtu haachi kupanda mahindi ili asome simu. Barabara ziliteleza, bodaboda wakapandisha nauli, na kwenye mabonde mawili mtandao ulikuwa ukipatikana ukipanda kilimani tu.

Kupata majibu kulikuwa kazi ngumu kuliko kuandika programu nzima. Baadhi ya wagombea walisema wasingejibu mpaka katibu wa tawi ajue. Wengine, hasa wazee, hawakuwa na mazoea ya kuandika kwenye simu, kwa hiyo vijana wetu waliwaandikia. Siku ya pili tuligundua kijana mmoja alikuwa akimpambia mgombea maneno. Mzee aliyesema "mikutano nitaita, lakini watu waje" alionekana kwenye skrini akisema ataimarisha uwajibikaji shirikishi. Hakukuwa na nia mbaya, ila mpinzani wake alikuwa ameandikwa na kijana mwingine, kwa maneno makavu.

Tukafuta maandishi yote tukahamia sauti. Dakika moja kwa kila swali, bila kukata, bila kurudia zaidi ya mara moja. Watu walipenda. Sauti ya mtu unayemjua inakuambia alipositasita. Tena sauti hupita WhatsApp na bluetooth bila shida, na asiyejua kusoma hakuachwa nyuma.

Kwa wanawake tulijifunza jambo ambalo tulipaswa kulijua toka mwanzo. Wagombea wawili wa kike walitoa namba za waume zao, kwa kuwa simu ya nyumba ni moja. Meseji zetu za maswali zilisomwa na mtu mwingine kwanza, na jibu moja tunaamini halikuwa la mgombea mwenyewe. Ilibidi binti wa kikundi chetu aende kwa miguu, awakute shambani, arekodi huko huko. Sauti moja ina mlio wa jembe nyuma yake.

Kwenye vitongoji vyenye mgombea mmoja, ambako kura ilikuwa ya ndiyo au hapana, wengine walituambia tusihangaike. Tuliwauliza hao pia. Naamini hapo maswali yalihitajika zaidi, maana hakuna mshindani wa kuyauliza.

Kitu kilichofanya kazi kuliko vyote hakikuwa ndani ya simu. Kwa vijiji visivyo na mtandao tulichapa maswali matano kwenye karatasi moja, herufi kubwa, bila jina la mgombea wala rangi ya chama, tukabandika kwenye mashine za kusaga na dukani kwa idhini ya msimamizi msaidizi wa uchaguzi. Kijana wetu aliyekuwa akifuatilia mikutano ya kampeni ya vyama vyote alituambia kwamba watu walisimama na kusema, "Mimi nauliza lile la tatu." Hawakuhitaji kulitunga, na kwa hiyo halikuonekana limetoka kwenye chuki ya mtu. Hofu kubwa ya kijijini ni kuonekana unamchukia fulani, na swali lililobandikwa ukutani halina mwenyewe.

Matokeo

Hatuwezi kudai tulibadilisha kura ya mtu yeyote, wala hatukupima. Tunachoweza kueleza ni kwamba zaidi ya nusu ya wagombea wa uenyekiti katika maeneo yetu walirekodi majibu, kwamba mitaa ya mjini ilitumia programu yenyewe na vijiji vilitumia sauti na karatasi, na kwamba menyu ya nyota na reli, ile inayofunguka kwa kubonyeza * na # bila data, tuliyoipanga kwa ajili ya vitochi haikuwahi kuwa tayari. Maombi ya namba fupi yana hatua zake, na makubaliano na kampuni za simu yana gharama zake. Maombi hayo tuliyaanza Septemba, tulipaswa kuyaanza Januari.

Namba zote za watumiaji tulizifuta wiki moja baada ya uchaguzi, mbele ya mashahidi wawili kutoka ile taasisi.

Uchambuzi

Kosa lililozaa mengine lilikuwa kudhani kwamba mpiga kura wa kijijini amepungukiwa habari za mgombea. Ukiweka tatizo hilo mbele, utajenga wasifu, picha na kura ya maoni, na vyote vitafanya kazi vizuri bila kumsaidia yule mama wa mashine ya kusaga. Yeye alipungukiwa njia ya kuuliza jambo gumu bila kugombana na ukoo wa mtu. Mjini upungufu ulikuwa mwingine, na programu moja kwa wote wawili ilikuwa ndoto. Leo ningetengeneza vitu viwili.

Haraka ya orodha ningeitaja kuwa kosa la maadili kabla ya kuwa la ratiba. Tulijua rufaa zipo. Tulichagua kasi kwa sababu tuliogopa kuonekana hatuna kitu.

Sauti zilifaulu kwa sababu tuliacha kuzigusa. Karatasi ilifaulu kwa sababu iliomba ruhusa kwa mwenye ubao na haikuwa na rangi ya mtu. Kufuta taarifa za wapiga kura kulitugharimu mfadhili, na ningekubali gharama hiyo tena.

Jambo moja bado hatujakubaliana wenyewe kwa wenyewe. Wakati wa kurekodi, kila mgombea aliambiwa na akakubali kwamba sauti yake itabaki wazi mpaka mwisho wa muhula wake iwapo atashinda. Machi 2025, kwenye mkutano mkuu wa kijiji kimoja, mapato na matumizi hayakuwamo kwenye ajenda. Kijana mmoja akasimama, akaweka simu yake karibu na kipaza sauti, akafungua jibu la pili. Mwenyekiti alisikiliza sauti yake mwenyewe ikisema itabandika hesabu kwenye mlango wa ofisi. Mtendaji alitumwa kuleta daftari, yakasomwa.

Wiki mbili baadaye mwenyekiti huyo alitupigia simu kutuomba tuifute sauti ile. Alisema alikubali kuulizwa wakati wa kampeni, hakukubali kuaibishwa mkutanoni. Fundi wetu anasema ombi la mtu kuhusu sauti yake ni haki yake, kiongozi au si kiongozi. Mimi nasema ahadi ya kiti cha umma ni mali ya waliompigia kura. Sauti bado ipo. Tumemwomba alete hoja hiyo kwenye mkutano mkuu ujao, wanakijiji waseme wao, naye bado hajatujibu.